Maji ya Karo na Nitrojeni (4): Elimu ya 1877 Iliyoachwa Kabatini

Novemba 2024, wapigakura wa kaunti ya Suffolk, upande wa mashariki wa kisiwa cha Long Island jimboni New York, walikubali kujiongezea kodi. Kodi ya mauzo ilipanda kwa sehemu moja ya nane ya asilimia moja, na tangu Machi 2025 imefika asilimia 8.75. Fedha hizo zimetengewa kazi maalumu hadi mwaka 2060: kujenga mifumo ya maji taka na kufunga makaro ya majumbani yanayoondoa nitrojeni. Ni nadra watu kupanga foleni wapige kura ya kulipa zaidi, tena kwa ajili ya vyoo, na watu wa Suffolk wanastahili pongezi. Hata hivyo, lipo swali la kuwauliza wao na sisi sote: kwa nini imechukua muda wote huo, ilhali elimu ya kazi hii ilikwisha kupatikana kabla karne ya 19 haijaisha?

Wasomaji waliofuatana na mfululizo huu wanajua kinachotokea ndani ya karo. Tope hutuama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea. Wanajua pia kwamba nitrojeni, ambayo sehemu yake kubwa huja na mkojo, haitulii chini pamoja na tope, bali hutoka na maji ikiwa amonia. Yanayoipata baada ya hapo, huko udongoni, yalifumbuliwa Paris.

Mwaka 1877 wanakemia wawili wa Kifaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza bomba refu mchanga uliochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, wakawa wanamimina maji taka juu yake kidogo kidogo. Kwa siku 20 hakikubadilika kitu. Amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, ikaongezeka, na amonia ikatoweka. Mtu wa haraka angesema mchanga umefanya kazi yake, akafunga daftari. Wao walijiuliza: kama ni mchanga tu, ulikuwa ukingoja nini siku zote hizo?

Wakapitisha mvuke wa klorofomu ndani ya bomba, na nitrati ikakoma. Wakaondoa klorofomu, bado kimya. Mwishowe wakamimina maji yaliyosuuziwa udongo wa bustani, na baada ya siku kadhaa nitrati ikarudi. Basi mfanyakazi alikuwa kiumbe hai, akaaye udongoni na anayehitaji hewa.

Kumpata kiumbe huyo kulichukua miaka mingine 13. Robert Warington, kule Rothamsted nchini Uingereza, alionyesha kwamba kazi ina hatua mbili zenye viumbe tofauti, lakini hakuweza kuwatenga. Aliyefaulu ni Mrusi, Sergei Winogradsky, akiwa Zurich mwaka 1890. Wenzake walikuwa wakiwalisha bakteria mchuzi na jelatini, nao hawakuota. Yeye aliwanyima kabisa vyakula vya namna hiyo, akawapa amonia na madini tu, wakastawi. Ulimwengu ukajifunza kwamba kuna viumbe wanaojijengea mwili kwa nguvu itokayo kwenye amonia, bila jua wala mabaki ya kiumbe mwingine. Ugunduzi mkubwa namna hiyo ulitokana na swali la maji ya choo, na wanaoona haya kulizungumzia shimo la choo hadharani wangefaa kulikumbuka hilo.

Nusu ya pili ya elimu ilitoka Bordeaux. Kuanzia 1882, Ulysse Gayon, mwanafunzi wa Pasteur, pamoja na Gabriel Dupetit, walionyesha kwamba wapo bakteria wengine ambao, wakikosa hewa lakini wakiwa na chakula cha kaboni, hupumua kwa oksijeni iliyomo kwenye nitrati. Nitrojeni inayobaki huwa gesi na kurudi angani, ambako imejaa tele bila kumdhuru mtu. Gayon ndiye aliyeshirikiana baadaye na Millardet katika dawa ya mrututu na chokaa iliyookoa mizabibu ya Ufaransa. Wakulima walikimbilia dawa ya mizabibu kwa sababu ilileta faida msimu uleule. Ile elimu ya nitrati haikumletea mwenye shimo senti moja, ikawekwa kabatini.

Kanuni basi ni mbili tu, na mpangilio wake haugeuzwi: kwanza hewa, amonia iwe nitrati; halafu kukosa hewa pamoja na kaboni, nitrati iwe gesi. Shimo la kawaida la kunyonyea hutimiza ya kwanza, ya pili hulishinda. Nitrati huyeyuka ndani ya maji na kusafiri nayo. Ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, ambao mafundi wengi huusisitiza, husaidia kupunguza vijidudu, lakini nitrati hauizuii.

Suffolk walionywa mapema. Nyumba kama 380,000 za huko hutegemea makaro, au maduara ya zege yenye matundu ubavuni na yasiyo na sakafu. Sabuni za kufulia zilipita kwenye maduara hayo hadi visimani, maji ya bomba yakawa yanatoa povu, na mwaka 1971 kaunti ikapiga marufuku sabuni hizo. Waliilaumu sabuni, shimo wakaliacha. Mwaka 1985 bahari ya ghuba ya Peconic iligeuka kahawia kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na kombe waliokuwa riziki ya wavuvi wakaangamia. Sababu za mwani huo hazikuwa moja, lakini nitrojeni ya makaro ni mzigo mkubwa kwa ghuba za kisiwa hicho. Tangu Julai 2021 kila nyumba mpya lazima iwe na mtambo unaoteremsha nitrojeni hadi miligramu 19 kwa lita, takribani theluthi ya ile itokayo kwenye karo la kawaida. Chuo Kikuu cha Stony Brook kimejaribu njia nyepesi zaidi: tabaka la mchanga juu, na chini yake mchanga uliochanganywa na unga wa mbao. Ni Schloesing juu, Gayon chini.

Pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa hadi Unguja, nyumba nyingi zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe uliojaa mianya, ambao maji hupita haraka kuelekea visimani na baharini. Hapa mwenye shimo hana udhuru wa kusema uchafu wake umezikwa, maana umehamia kwa jirani, na jirani ana haki. Mchanga upo, na unga wa mbao hutupwa kila siku kwenye karakana za maseremala. Kibali cha ujenzi kisitolewe kabla ya kuuliza nitrojeni ya nyumba hiyo itaishia wapi. Makala ijayo itaeleza kina cha matabaka hayo, jinsi ya kuyapitishia hewa, na baada ya muda gani unga wa mbao huhitaji kubadilishwa.