Moto ya pili, ya njia gani?

Bandugu ba lisansi, pesa ilitoka kwa mavuno ya kakao ya nyumbani, kwa hiyo kukosea haikuwezekana. Niko na TVS HLX 125. Nilitafuta ya pili juu ya mashamba ya ndani, mbali na RN4. Kwanza nilitamani moto ndefu. Nikaijaribu na gunia la mpunga nyuma: miguu haifiki chini. Kwenye matope unaanguka tu. Yamaha AG100, ile ya maagronome, cheni yake imefunikwa yote, vizuri sana! Lakini inakunywa oili pamoja na esanse, na fundi wetu hapa Bafwasende hana piyesi zake. Nikachukua HLX ingine. Moja ikikufa, inakopesha mwenzake piyesi. Cheni nitapangusa mwenyewe kila jioni.