Mahabusu waangaliwe akili pia



Nilipomtembelea jirani yangu rumande, hakunitambua. Wenzake walisema kwa wiki mbili alikuwa hali wala halali, akizungumza na ukuta. Askari walimhesabu asubuhi na jioni, idadi ilitimia! Mimi darasani mtoto akinyamaza siku mbili namwuliza.

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka kila anayeingia gerezani aonwe mapema na mganga, na dalili za kutaka kujiua zichunguzwe. Isanga, Dodoma, hupokea washitakiwa wenye ugonjwa wa akili, lakini atafikaje huko asiyeonekana kuwa anaugua? Wahusika waweke daftari la chakula na usingizi, na mganga alisome kila wiki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.