Kibodi Ndogo na Raha ya Mikono

Karani, mwandishi wa habari, mwanafunzi wa chuo na mfasiri, wote hupitisha sehemu kubwa ya mchana vidole vyao vikiwa juu ya kibodi, na hata hivyo ni nadra kumkuta mmoja wao aliyeichagua kwa hiari yake ile anayoitumia. Aghalabu ilikuja pamoja na kompyuta, ikawekwa mezani, na tangu hapo mikono ikalazimika kuizoea, iwe yaridhisha au yatesa. Siku hizi kibodi za kimakanika zimeshuka bei, na wenye maduka wameziweka mbele zikimetameta taa za rangi zote, hata watu wengi wameanza kuziulizia. Lakini swali la kwanza huwa ni la sauti, la pili ni la taa, na swali la mikono huja mwisho, kama huja.

Kibodi ya kawaida ya ofisini ina tandiko la mpira lenye vijungu vidogo chini ya vitufe, na herufi haiandikiki mpaka kijungu kibonyee karibu chote, kwa hiyo kidole hujifunza kugonga kwa nguvu hadi chini, na kila mara hupokea kile kishindo cha kusimamishwa ghafla. Kibodi ya kimakanika ina tabia nyingine: kila kitufe kina swichi yake peke yake, yenye springi ya chuma na kishina cha plastiki kinachopanda na kushuka, na katika swichi za Cherry MX za Ujerumani, zilizobuniwa katika miaka ya 1980 zikawa kigezo kwa wote waliofuata, kitufe husafiri milimita 4 kwa jumla, ilhali herufi huandikika kinapofika milimita 2 tu. Basi mwenye mkono uliozoea huweza kuandika pasipo kufika chini kabisa, na hapo, wala si katika makelele, ndipo ilipo raha inayosifiwa. Asiyezoea, na hasa aliyetoka kwenye mpira, ataendelea kupiga mpaka mwisho kwa wiki kadhaa za mwanzo, kisha atalalamika kwamba fedha zake zimepotea bure.

Swichi hutambulikana kwa rangi. Nyekundu hushuka moja kwa moja bila kipingamizi, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa gramu 45 au kadiri hiyo. Ya kahawia ina kijinundu kidogo njiani, kidole kikakihisi na kufahamu kwamba herufi imekwisha kuandikwa. Ya buluu ina kijinundu hicho pamoja na mlio mkali, nao ni mlio unaompendeza sana anayeandika na kumuudhi sana aliyeketi jirani yake. Anayefanya kazi katika chumba cha watu wengi, au nyumbani usiku watoto wamelala, aiache ya buluu bila kujadiliana na nafsi yake. Baada ya hataza za Cherry kwisha muda, viwanda vya China kama Gateron na Kailh vilianza kutengeneza swichi za namna hiyo hiyo kwa bei nafuu, na nyingine katika hizo ni laini kuliko za asili, hivyo jina la Ujerumani si sharti tena.

Sasa tuje kwenye udogo, ambao wengi huufahamu vibaya. Kibodi ndogo si kibodi ya vitufe vidogo. Toka katikati ya kitufe kimoja cha herufi mpaka katikati ya jirani yake ni milimita 19 hivi, katika kibodi kubwa na katika ndogo vilevile. Kilichopunguzwa ni idadi. Kibodi kamili ya mpangilio wa Kimarekani ina vitufe 104. Ukiondoa lile fungu la tarakimu la upande wa kulia hubaki 87. Ukiondoa pia mstari wa juu kabisa na vingi vya vitufe vya kufungulia kurasa, lakini ukaacha mishale minne, hubaki 68 au karibu na hapo. Na ukiiondoa mishale nayo, pamoja na vile vichache vilivyosalia, hubaki 61. Mjapani Eiiti Wada, mtaalamu wa kompyuta, aliufikisha upunguzaji huu kwenye vitufe 60 katika kibodi iliyotolewa mwaka 1996 na kampuni ya PFU, na mpaka leo ina wafuasi wasiosikia la mtu.

Faida ya kupunguza haimo katika nafasi ya meza peke yake. Mtu akiandika, macho na kifua chake huelekea zilipo herufi, na fungu la tarakimu huwa limejitandaza kulia kwake, hata mkono unaokwenda kushika kipanya hulazimika kupanuka nje mara mia kwa siku, bega likiwa limebetuka. Ukiliondoa fungu lile, kipanya husogea karibu na mkono huenda na kurudi bila bega kusumbuka. Baadhi ya wanaodhani wameumia vidole huenda wameumia bega, na hao watazame upana wa kibodi kabla ya aina ya swichi. Mhasibu, hata hivyo, asidanganywe na maneno haya: anayeingiza tarakimu kutwa analihitaji fungu lile, na anaweza kulinunua peke yake akaliweka upande wa kushoto. Kwa mwandishi wa maneno, mimi naona ile ya vitufe 68 ndiyo iliyo wastani mwema, kwani kusahihisha aya bila mishale, kwa kushikilia kitufe kingine kila mara, ni kujitafutia taabu isiyo na malipo.

Kwa anayeandika Kiswahili liko jambo jingine, ambalo maelezo ya viwandani hayaligusi. Mpangilio wa herufi tunaoutumia ulitokana na mashine ya chapa ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, ambayo kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874, na ni dhahiri kwamba Mswahili hakuwamo katika hesabu zao: Q na X zimepewa nafasi kamili ingawa tahajia yetu haizihitaji, ilhali A, iliyo nyingi kuliko herufi zote katika lugha yetu, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho kinyonge kuliko vyote. Andika "Watanzania wanaandika barua": herufi ni 25, na katika hizo 10 ni A, maana yake kidole kimoja kimebeba khumusi mbili za kazi yote. Sentensi hiyo imeteuliwa kwa makusudi, lakini sarufi yetu yenyewe, kwa wa- ya watu, -na- ya wakati uliopo na -a ya mwisho wa kitenzi, haitakiacha kidole hicho kipumzike. Hata August Dvorak, aliyepata hataza ya mpangilio wake mpya mwaka 1936 na kuzihamisha takriban herufi zote, aliziacha mbili tu mahali pake, A na M. Basi mwandishi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuchagua swichi nyepesi, na ana sababu pia ya kuziepuka zile kibodi za vitufe arubaini na kitu, ambamo ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo mara nyingi hufichwa nyuma ya kitufe kingine.

Kasoro kubwa ya kibodi hizi ni kimo. Swichi ndefu huinua vitufe juu ya meza, na kifundo cha mkono hupinda kwenda juu ili vidole vifike. Anayeandika hivyo saa nyingi huanza kusikia maumivu, na asijue yametoka wapi. Miguu midogo ya nyuma, ambayo wengi huisimamisha kwa mazoea, huzidisha kupinda huko, hivyo ilale. Kiti kiinuliwe mpaka viwiko vilingane na kibodi, na kama ni nene mno uwekwe mbele yake ubao wa kuegemezea, si kifundo, bali kitanga cha mkono, nao ni wa kupumzikia, si wa kuuegemea wakati wa kuandika. Zipo pia zilizotengenezwa kwa swichi fupi, na kwa mwenye meza iliyo juu mno na isiyoshushika hizo zafaa zaidi.

Mengineyo ni mepesi. Kwa vitufe, plastiki ya PBT haing'arishwi upesi na vidole kama ile ya ABS. Kibodi ambayo swichi zake huchomoleka bila kuchomelewa itakuruhusu kubadili rangi ya swichi bila kununua kibodi upya, na waya ni imara kuliko betri kwa asiyehama meza. Ukiwa dukani, usijaribu kwa kubonyeza kitufe kimoja kimoja kama mtu anayechagua embe. Andika aya nzima ya kazi yako, kisha bonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi kwenye ncha ya kushoto, katikati, na ncha ya kulia, kwani vitufe virefu ndivyo vinavyofichua ufundi mbaya, na ikiwa ncha moja yagoma au yalia tofauti na nyingine, mwombe muuzaji akutolee kibodi nyingine.