Radi ina majira yake na makazi yake

Rukwa imeandamwa kwa miaka mingi na simulizi za radi ya kutumwa. Radi ikiua, badala ya kutazama mawingu watu hutafuta mchawi, na mara nyingi anayeponzwa ni mzee asiye na hatia. Sayansi ya hali ya hewa inatupa jibu lililo wazi zaidi.

Radi huzaliwa ndani ya wingu refu. Hewa ya joto yenye unyevu hupaa kwa kasi, ikafika kimo cha kilomita 10 na zaidi, mahali ambapo maji huganda. Huko juu chembe za barafu na mawe ya mvua hugongana na kujaza wingu chaji za umeme. Chaji zikizidi, umeme huruka ndani ya wingu au hushuka ardhini. Mvua peke yake haitoshi: lazima wingu lifike kwenye barafu.

Ndiyo maana Dar es Salaam au Tanga yaweza kunyeshewa kutwa nzima wakati wa masika, ngurumo zikasikika chache. Mawingu mengi yanayoletwa na upepo wa baharini hayapandi juu sana. Magharibi mambo ni tofauti. Kigoma, Katavi na Rukwa hupata unyevu unaovuma kutoka bonde la Kongo, lenye radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na milima iliyo kando ya Ziwa Tanganyika huusukuma juu. Sumbawanga ipo kwenye njia hiyo.

Ziwa Victoria nalo lina saa zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujikusanya juu ya vilima vinavyolizunguka. Usiku upepo hugeuka, hukutana katikati ya ziwa, na radi hupiga majini hadi alfajiri. Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi Bukoba, ambako ngurumo za asubuhi ni jambo la kawaida.

Kalenda ya radi huifuata ile ya mvua. Kaskazini mwa nchi hatari hupanda wakati wa vuli, Oktoba hadi Desemba, na tena wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kusini, kati na magharibi ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Juni hadi Agosti sehemu kubwa ya nchi hutulia. Mvua za kwanza zataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa wakulima wako mashambani, mbali na jengo imara.

Ukiona mwanga na ngurumo ikafuata kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia kwenye jengo imara au ndani ya gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti, wala usibaki majini. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mshike, na kama hapumui, anza kumpa huduma ya kwanza mara moja.

Halmashauri za magharibi na za kanda ya ziwa zianze na shule: kila moja ifungiwe kinga ya radi kabla ya mvua za kwanza.