Usilipie Bawa Bei ya Injini

Mnunuzi wa Tarime au Mugumu anayetafuta Subaru Impreza iliyotumika huombwa aongeze pesa kwa kuwa gari lina bawa la nyuma. Sifa ya bawa hilo ina chanzo: mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya kwa Impreza iliyokuwa nalo.

Lakini bawa hutegemea upepo. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu inayokandamiza magurudumu ya nyuma huwa mara nne. Kwa kilomita 50 kwa saa, ukomo wa Hifadhi ya Serengeti, unapata chini ya moja ya tano ya nguvu ya kilomita 120.

Mwenye gari la mashindano ana hesabu nyingine. Aanze na pembe ndogo, aongeze nyuzi moja moja. Nyuma ikiteleza kwenye kona za kasi, aongeze. Mbele ikikataa kona, apunguze. Bawa likiinuliwa kupita kiasi, upepo huachana nalo, likabaki mzigo wa kula petroli.

Anayenunua ili auze afungue buti kwanza, atazame chini ya bawa. Matundu ya boliti yasiyozibwa vizuri huingiza maji, na kutu ikionekana, mazungumzo ya kupunguziwa bei yaanzie hapo.