Kabla ya Kuinua Pikapu Yako: Springi, Tairi na Barabara Zetu

Mvua za Oktoba hadi Desemba zinapokaribia, wenye pikapu mjini Emali huanza kuwauliza mafundi bei ya kuinua gari na kufunga tairi kubwa. Sababu inaeleweka. Huo ndio msimu maembe yanapoanza kuiva, na njia za kutoka mashambani upande wa Mulala na Nguu hadi barabara kuu ya Nairobi–Mombasa hujaa matope na makorongo. Kukwama mara moja kunaweza kumaliza faida ya safari nzima. Hata hivyo, kabla ya kutoa pesa, ni vyema mkazi ajue zinanunua nini hasa.

Kuinua gari na kuweka tairi kubwa ni mambo mawili tofauti. Pikapu nyingi zina ekseli moja nzima kwa nyuma, na difu iko katikati yake. Ukifunga springi ndefu zaidi, au vipande vya chuma kati ya springi na ekseli, bodi hupanda lakini difu hubaki pale pale. Na mara nyingi difu ndiyo inayogonga jiwe au kulalia tuta la katikati ya njia. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Tairi ya 245/70R16 ina kimo cha karibu milimita 749. Ile ya 265/75R16 ina karibu milimita 804. Ukibadilisha, difu itapanda milimita 27 hivi. Haifiki upana wa vidole viwili.

Tairi hiyo pia hudanganya kipima mwendo. Kikionyesha kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kisheria mjini na katika vituo vya biashara, gari liko karibu 54. Kikionyesha 80, liko karibu 86. Injini nayo hufanya kazi zaidi kuzungusha tairi nzito, mafuta huongezeka, na breki huhitaji nguvu zaidi.

Tukizungumzia breki, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi gereji. Baadhi ya pikapu, zikiwemo Toyota Hilux nyingi za miaka iliyopita, zina vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Mzigo ukishusha bodi, fimbo husogea na vali huruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Gari likiinuliwa bila kurekebisha fimbo hiyo, vali huona kana kwamba hakuna mzigo. Unateremka mlima na kreti za maembe zimejaa, na breki za nyuma zinashika kama za gari tupu. Mwambie fundi airekebishe, na akague kama mipira ya mafuta ya breki bado inafika bila kuvutwa.

Springi mpya pia haziongezi uzito ambao gari liliundwa kubeba. Zinaongeza urefu, na gari refu lenye mzigo juu hupinduka kwa urahisi kwenye kona. Watu wakiketi juu ya mzigo, hatari ni kubwa zaidi.

Wapo wanaoinua pikapu ili wavuke mito. Hapa tuseme wazi: usifanye hivyo. Desemba 4, 2021, basi lilisombwa likivuka Mto Enziu karibu na Mwingi katika Kaunti jirani ya Kitui, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi ni refu na zito kuliko pikapu yoyote iliyoinuliwa. Tairi kubwa zimejaa hewa, na majini husaidia gari kuelea.

Kwa mkulima au mchuuzi wa kawaida, tungeanza na tairi za kipimo kile kile cha kiwandani, zenye meno makubwa ya kushika matope, pamoja na springi na shoki nzuri. Gharama ni ndogo na breki hazivurugiki. Kwenye mchanga, punguza upepo kiasi, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Ukiamua kuinua, sentimita 4 au 5 zatosha. Baadaye sawazisha magurudumu na ushushe mwanga wa taa za mbele, la sivyo utawapofusha madereva wa malori usiku. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi, kwani badiliko lisilotajwa linaweza kuleta mzozo wakati wa kudai fidia.

Unaponunua tairi, hasa za mitumba, soma ubavuni. Namba ya uzito 112 inamaanisha tairi moja hubeba hadi kilo 1,120. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya kiwandani. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi kama hiyo, hata ikiwa na meno mazuri, iache dukani.