Ndege ya Grzimek kiganjani: namna ya kutengeneza mfano mdogo wa Do 27 kwa resini

Tulipozungumzia ndege ndogo zinazotua Seronera, tulipokea ujumbe mwingi kutoka Issenye, Nata na Mugumu. Msikilizaji mmoja anayechonga vinyago na kuviuza kwa watalii alituuliza jambo ambalo hatukulitarajia. Ameona kwenye simu ndege ndogo za resini, zimepakwa rangi vizuri mpaka unadhani zitaruka. Je, mtu anaweza kutengeneza moja kijijini, bila mashine?

Inawezekana. Tumejaribu wenyewe nyuma ya studio, tukaharibu mbili, ya tatu ikatoka vizuri. Lakini resini ina hatari zake, na mojawapo inaweza kumpofusha mtu kwa tone moja tu. Ndiyo maana tumeandika maelezo haya badala ya kuyasema hewani kwa dakika tano. Yasome mpaka mwisho kabla hujanunua chochote.

Kwanza, ndege gani? Tulichagua Dornier Do 27 ya Ujerumani, na sababu iko hapa hapa Serengeti. Mwishoni mwa mwaka 1957, Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael waliruka na ndege ya aina hiyo kutoka Ujerumani hadi huku. Walikuwa wameipaka mistari ya pundamilia. Waliweka kambi Banagi, na kuanzia mwaka 1958 wakawa wanaruka chini chini juu ya mbuga wakihesabu wanyama mmoja mmoja. Walipata nyumbu wapatao laki moja. Leo nyumbu ni zaidi ya milioni moja, na sababu kubwa ni kwamba ng'ombe walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukaondoka kwa ng'ombe na kwa nyumbu pia. Wafugaji wetu wachache huambiwa kwamba chanjo ya ng'ombe wao ndiyo iliyojaza mbuga.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege ile iligongana na tumbusi angani, ikaanguka. Michael alikufa akiwa na miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake aliyefariki mwaka 1987 amelazwa hapo hapo kando yake. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960.

Kuna upande mwingine ambao mchongaji wa Issenye anaujua bila kufundishwa na redio. Ndege ile iliona wanyama. Mahame ya wazee wetu, visima vyao na sehemu zao za matambiko, vile vilivyobaki ndani ya mipaka ya hifadhi, havikuwa kwenye hesabu. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, mipaka ikabadilishwa mwaka 1959, na familia nyingi za magharibi mwa Serengeti zina simulizi zao kuhusu mipaka hiyo. Mtalii akinunua ndege yako yenye mistari, atakuuliza habari zake. Msimulie pande zote mbili. Kwa maoni yetu, hilo lina thamani kuliko rangi utakayopaka.

Kwa wanaopenda mambo ya urubani, Do 27 haikuwa ya kuhesabu wanyama tu. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na zilitengenezwa zaidi ya 600. Jeshi la Ujerumani Magharibi lilikuwa na aina yenye usukani wa pande mbili, mwalimu upande mmoja na mwanafunzi upande wa pili. Ni ndege rahisi kwa anayeanza kuchonga pia. Bawa lake ni moja, limelala juu ya kichwa cha rubani, halina zile nguzo za kulishikilia unazoziona kwenye Cessna zinazopita juu ya nyumba zetu. Magurudumu hayakunjwi. Mawili yako mbele na dogo moja mkiani, kwa hiyo ndege ikisimama, pua inaangalia juu.

Sasa vipimo. Mafundi wa Ulaya hupenda kugawanya kwa 72. Kipimo hicho kilitokana na inchi na futi, kwa kuwa mtu wa futi 6 anakuwa inchi 1. Sisi tunaotumia mita hatuna haja ya kuhangaika na 72. Gawanya kwa 50, na kila mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita 2. Bawa la Do 27 lina mita 12 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo lako litakuwa sentimita 24. Urefu wa mwili ni mita 9.6, kwa hiyo wako ni sentimita 19.2. Rubani wa mita 1.75 atakuwa na sentimita 3.5. Ukikumbuka kuzidisha kwa mbili, hutakosea hata kama simu imezima. Picha za ndege hii kutoka juu, mbele na ubavuni zinapatikana mtandaoni ukiandika jina Dornier Do 27. Tatu zinatosha, usimalize bando.

Chonga kwanza ndege ya mti. Hiyo ndiyo mama, na nyingine zote zitatoka kwake. Mbao ya paini ni nzuri kwa sababu ni laini. Mpingo na mninga viachie vinyago. Chonga mwili peke yake, bawa peke yake, na vipande vya mkia peke yake. Halafu piga msasa, kwanza wa chembe kubwa, kisha mdogo, kisha mdogo zaidi, mpaka ukipitisha ukucha hausikii mkwaruzo. Usiharakishe hapa. Resini haifichi kitu. Mkwaruzo ulioko kwenye mama utauona kwa watoto wote. Ndege yetu ya kwanza ilitoka na alama ya kisu tumboni kwa sababu mmoja wetu alisema rangi itafunika. Rangi haikufunika.

Baada ya hapo unatengeneza umbo la kumiminia. Viwandani hutumia mpira wa silikoni, ambao huku ni ghali na kuupata ni safari. Sisi tulitumia jipsamu, ile ile ya mafundi wa dari. Paka mama mafuta ya mgando, mlaze ndani ya kasha dogo la mbao, mimina jipsamu mpaka nusu ya mwili wake. Ikishaganda, chimba vishimo viwili pembeni ili nusu ya pili ijue pa kukaa, paka mafuta tena juu yote, kisha mimina nusu ya pili. Ukisahau mafuta, nusu mbili zitashikana kuwa jiwe moja, na mama amefungiwa humo.

Umbo lazima likauke hasa. Siku tano za jua si nyingi, na msimu wa mvua huenda ukahitaji wiki mbili. Jipsamu ikiguswa inaonekana kavu, kumbe ndani ina maji, na resini haielewani na maji. Ndege yetu ya pili ilibaki inanata kama ulimbo kwa siku tatu, tukaitupa. Umbo likikauka, lipake nta au mafuta ya mgando mara mbili tatu ndipo umimine.

Tumefika kwenye resini yenyewe. Inayopatikana kirahisi ni ya polyester, ile wanayotumia mafundi wa faiba wanaotengeneza na kuziba maboti kandokando ya Ziwa Victoria. Musoma na Mwanza utawapata. Resini ni kimiminika kizito chenye harufu kali, na huganda baada ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha. Dawa hiyo ni maji meupe kwenye kichupa kidogo, unaweza kudhani ni dawa ya macho. Ikiingia jichoni huunguza na inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi iliyoziba pembeni, hata kama unachanganya kijiko kimoja. Likitokea la kutokea, osha jicho papo hapo kwa maji safi mengi, usiache kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha kimbilia kituo cha afya. Usingoje uone kama litapoa. Usitie maziwa wala dawa ya mitishamba.

Dawa ya kugandisha huwekwa kidogo sana. Kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2, maana yake kwa gramu 100 za resini ni gramu 1 hadi 2 tu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa macho. Ukizidisha, resini inachemka yenyewe kwenye kopo, inatoa moshi, na inaweza kuwaka. Sisi tuliliona kopo la margarini likilegea kama limewekwa jikoni. Na kuna jambo ambalo muuzaji anaweza asikuambie. Baadhi ya resini huja na kichupa cha tatu cha rangi ya zambarau, cha kuharakisha. Kichupa hicho na dawa ya kugandisha visikutane kamwe peke yao, kwa sababu vinaweza kulipuka. Kinachoharakisha huchanganywa kwanza na resini yote, na dawa ya kugandisha huja baadaye. Njia salama zaidi ni kumwomba fundi akuuzie resini ambayo tayari imewekewa.

Fanyia kazi nje, chini ya mti, upepo ukikupiga mgongoni. Mvuke wake unaumiza kichwa na unashika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala sigara karibu. Usifanyie jikoni. Usitumie kikombe wala kijiko ambacho mtu atakunywea tena. Vichupa vikae juu, vimefungiwa, mbali na watoto, wala visihamishiwe kwenye chupa za soda. Wengi waliodhurika na kemikali majumbani walizikuta kwenye chupa ya kitu wanachokijua.

Mimina polepole, uzi mwembamba, ukianzia pembe moja ili hewa ipate njia. Gonga umbo taratibu kwa mpini wa kisu, mapovu yatapanda. Usijaze mwili mzima kwa mara moja. Resini nene hupata joto na kupasuka, kwa hiyo mimina tabaka, ngoja, mimina tena. Kwenye bawa laza ndani waya mnyofu au spoku ya baiskeli. Bawa la resini la sentimita 24 lisilo na uti huinama lenyewe kwa joto la mchana.

Ikitoka, ioshe kwa sabuni na brashi ili mafuta yaondoke, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu. Sehemu iliyopinda itumbukize kwenye maji ya moto, inyooshe kwa vidole, kisha itie kwenye maji baridi. Mabaki ya pembeni yakate kwa msumeno wa chuma na ulainishe kwa msasa uliolowa maji. Tunasisitiza maji. Vumbi la resini kavu likiingia mapafuni halitoki, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Kuunganisha, tumia super glue au gundi ya kuchanganya tyubu mbili. Gundi tu haitoshi kwa mkia na magurudumu. Toboa matundu madogo pande zote mbili, ingiza kipande cha spoku, ndipo utie gundi. Vioo vya rubani vinatoka kwenye chupa ya maji ya kunywa, ukikata pale penye mbonyeo unaofanana na kioo.

Rangi nyeupe kwanza, mwili wote, ikauke siku nzima. Mistari ya pundamilia wengi huichora kama kalamu ya shule, minene sawa, imenyooka, na hapo ndipo ndege inapoonekana ya bandia. Mwangalie pundamilia mwenyewe, maana nyie mnaye jirani. Mstari unaanza mnene mgongoni, unapungua ukishuka tumboni, mwingine unagawanyika mara mbili. Tumia utepe wa karatasi wa mafundi rangi pale tu unapohitaji ukingo safi, kwingine amini mkono. Ubavuni ndege ile iliandikwa D-ENTE. Kwa Kijerumani, ente ni bata.

Mtatuuliza kama itaruka. Haitaruka. Do 27 halisi ikijaa ilikuwa na kilo 1,850 hivi. Ukipunguza kila upande mara 50, ujazo unapungua mara 125,000, kwa hiyo mfano wako ungepaswa kuwa na gramu 15 tu, na resini iliyojaa haiwezi kuwa nyepesi hivyo. Waambieni watoto mapema, kabla hawajaijaribu kutoka juu ya paa.

Bei hatutaitaja, kwa sababu resini hupanda na kushuka na kila duka lina yake. Tunashauri jambo moja tu: usinunue lita tano kwa kuanzia. Nunua robo lita, ikishindikana hasara iwe ndogo. Umbo la jipsamu huchoka, linamomonyoka pembe baada ya kumimina mara chache, kwa hiyo mtunze mama wa mti vizuri. Hata mafundi wa Ulaya wenye mpira wa silikoni hupata ndege chache tu kwa kila umbo, na ndiyo sababu ndege za resini hutengenezwa na watu wachache kwenye karakana ndogo, viwanda vikubwa vikibaki na plastiki na vyuma.

Resini iliyobaki kwenye kopo usiimwage mtoni wala kwenye lambo la ng'ombe. Iache igande kabisa, kisha ifukie mbali na kisima. Ya kwetu ya tatu iko mezani studio, bado haina panga la mbele. Mwenye njia nzuri ya kulichonga bila kulivunja atutumie ujumbe, tutausoma hewani.